Viwakilishi vya Nafsi katika Kisiriaki na Kiaramu cha Leo

Tusemapo "mimi nimechukua", nafsi imetajwa mara mbili. Neno "mimi" latia mkazo tu. Kazi ya sarufi hufanywa na "ni-". Je, kiambishi cha namna hii huzaliwaje? Kiaramu, ambacho maandishi yake yana umri wa takriban miaka 3,000, chaweza kutuonyesha.

Kisiriaki, lahaja ya Kiaramu iliyokulia mjini Edessa, kilikuwa na "ena" (mimi), "hu" (yeye, mwanamume), "hi" (yeye, mwanamke) na "hnan" (sisi). "Wewe" hutamkwa "at" kwa jinsi zote mbili, ingawa hati bado huandika herufi "n" isiyotamkwa, na kwa mwanamke huongeza "y" ambayo nayo ni bubu. Katika wingi jinsi zilitenganishwa: "aton" na "aten" (ninyi), "henon" na "henen" (wao).

Katika Kiaramu cha Waashuru wa Iraki na Irani, jozi hizo za wingi zimeungana. Kwa kawaida husikika "akhtun" kwa ninyi wote, na "ani" kwa wao wote.

Badiliko kubwa zaidi limo katika kitenzi. Msemaji wa Kisiriaki alisema "shaqel-na" (nachukua) akiwa mwanamume, na "shaqla-na" akiwa mwanamke. "Na" ni "ena" iliyofupishwa. Leo kitenzi na kiwakilishi vimekuwa neno moja: "shaqlin" kwa mwanamume, "shaqlan" kwa mwanamke. Vivyo hivyo "shqil li", yaani "kimechukuliwa nami", kimekuwa "shqilli", "nilichukua". Kauli ya kutendwa imegeuka wakati uliopita wa kutenda.

Wako wanaokiita Kiaramu cha leo Kisiriaki kilichoharibika. Hukumu hiyo haina msingi, kwani kilichopungua katika viwakilishi kimefidiwa katika kitenzi. Nasi tumefanya yayo hayo: "nimekwisha kuchukua" imezaa "nimeshachukua", wala hatusemi kwamba Kiswahili kimeoza. Wasemaji wa Kiaramu wametawanywa na mauaji ya mwaka 1915, na tena walipofukuzwa katika uwanda wa Mosul mwaka 2014. Lugha yao yastahili kuandikwa na kuchunguzwa kama ilivyo vinywani mwao, kabla vinywa hivyo havijanyamaza.