Iringa ni baridi, mbona gari la turbo linachemsha Kitonga?

Kila mwaka ukifika Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, kuna swali linalorudi tena na tena kwenye ujumbe mnaotutumia: "Gari langu ni la turbo, lina nguvu, mjini halina shida. Kwa nini nikipandisha mzigo Kitonga linachemsha?"

Swali hili lina maana kubwa kwetu. Gari likichemsha na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni mgongoni, au na nyanya za Ilula zinazongoja soko, mzigo unaharibika. Injini ikiungua silinda hedi, faida ya msimu mzima inaweza kuishia gereji. Wapo pia walioungua uso na mikono kwa kufungua mfuniko wa rejeta kabla ya wakati. Basi tulieleze jambo hili hatua kwa hatua.

Turbo ni nini?

Turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa injini ukitoka, unaizungusha feni ya kwanza. Feni ya pili, iliyo upande wa hewa safi, inazunguka nayo na kuisukuma hewa nyingi kuingia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na injini ndogo inatoa nguvu ya injini kubwa. Aliyepata hataza ya wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905.

Ipo pia namna nyingine ambayo feni ya hewa inazungushwa na mkanda wa injini, haitumii moshi. Hiyo huonekana kwa nadra huku kwetu, kama kwenye baadhi ya Mercedes-Benz zilizoandikwa "Kompressor". Turbo ndizo nyingi: Fuso na Canter nyingi, Scania, Hilux na Prado za dizeli, Hiace kadhaa, na Subaru Forester zile zenye tundu juu ya boneti.

Joto linatoka wapi?

Joto la turbo lina vyanzo vitatu.

Kwanza ni moshi wenyewe. Injini ya dizeli ikivuta mzigo mlimani, moshi unaoingia kwenye turbo unaweza kupita nyuzi joto 600. Wa petroli ni mkali zaidi. Mhimili wa turbo nao unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usisagike ni oili tu, utando mwembamba sana wa oili.

Pili ni hewa. Ukijaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, pampu inapata moto kwa sababu hewa ikibanwa inapata joto. Turbo inafanya hivyo hivyo. Hewa ya nyuzi 35 ikibanwa hadi mgandamizo wake uwe mara mbili, inatoka kwenye turbo ikiwa imezidi nyuzi 100. Ndiyo maana magari mengi yana intakula, yaani kirejeta kinachopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kwenye Hilux na Forester nyingi intakula imekaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Kwenye malori huwa mbele, pamoja na rejeta.

Tatu ni kazi. Injini inayochoma mafuta mengi inatoa joto jingi, na sehemu kubwa ya joto hilo inapaswa kubebwa na maji ya rejeta.

Kwa nini Kitonga?

Sasa tuje kwenye mlima wetu. Bonde la Ruaha Mbuyuni na Mahenge lina joto kali, ndiyo maana mibuyu imejaa kule. Gari linafika chini ya mlima likiwa tayari lina joto. Kisha barabara inapanda ghafla kwa kona kali kuelekea Ilula. Hapo mambo manne yanakutana kwa wakati mmoja.

Injini inafanya kazi kuliko mahali pengine popote njiani. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo wa kupoza rejeta ni kidogo. Mara nyingi unakuwa nyuma ya lori lililotangulia, na hewa unayopokea ni ya moto na moshi wake. Na kadiri unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi.

Hili la hewa nyepesi wengi hawalijui. Iringa mjini tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Mbeya ni juu zaidi. Hewa ya huku ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Gari lisilo na turbo linachoka lenyewe na kukulazimisha upunguze. Gari la turbo linafidia upungufu huo: feni inazunguka kwa kasi zaidi na nguvu inaendelea kuja. Dereva anaona raha, anaendelea kukanyaga mafuta. Lakini hewa inayopita kwenye rejeta bado ni ile nyepesi, na haibebi joto kama ya pwani. Turbo inakupa nguvu ya kupanda, lakini haikuongezei rejeta.

Maji nayo huchemka mapema huku juu. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100, Iringa kwa takriban nyuzi 95. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko unabana maji ili yasichemke upesi. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 unapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 20. Raba yake ikikatika au springi ikilegea, kinga hiyo yote imepotea. Ni kifaa kidogo, lakini wengi wanabadilisha pampu na rejeta nzima bila kukiangalia.

Kabla ya safari

Injini ikiwa imepoa, asubuhi, kagua haya:

Maji. Tumia kulanti ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, iliyochanganywa kwa kipimo chake. Mara nyingi ni nusu kwa nusu na maji safi. Kulanti inazuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Maji ya mto au ya kisima yanaacha magadi na tope ndani ya rejeta, na mwisho vijia vinaziba. Ukilazimika kuongeza maji njiani, maji safi ya mvua yaliyochujwa ni afadhali. Ukinunua maji ya betri, hakikisha ni yale yasiyo na asidi.

Nje ya rejeta. Anayetoka Pawaga au Idodi anabeba vumbi, majani na wadudu kati ya rejeta na intakula. Ukitazama kwa mbele unaweza kuona pasafi, kumbe uchafu uko katikati. Safisha kwa maji yenye nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuja mbele. Maji ya kasi sana yanalaza mapezi ya rejeta. Usifunge bango wala spea tairi mbele ya grili.

Feni na mkanda. Mkanda ukilegea, pampu ya maji na feni zote zinachoka. Feni za magari mengi ya dizeli zina klachi. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni inapaswa kuzunguka kwa uzito ukiisukuma. Ikizunguka bure kama kishada, klachi imekufa.

Oili. Oili ndiyo maisha ya turbo. Tumia ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na umwage kwa wakati. Ukiona turbo inavuja oili, usiiache: oili ikidondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwasha gari.

Themostati. Wapo wanaoing'oa wakisema gari litapoa. Injini ikifanya kazi ikiwa baridi mno inakula mafuta na kulika, na tatizo lililokuwa linachemsha bado lipo. Kama imekufa, weka mpya.

Ukiwa mlimani

Badili gia mapema kabla gari halijaanza kulalamika. Ukilazimisha gia kubwa huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, moshi unazidi kuwa wa moto na feni inazunguka polepole. Gia ndogo inaipa pampu na feni mzunguko mzuri.

Acha nafasi nyuma ya lori. Zima AC. Tazama geji ya joto, usingoje taa nyekundu. Mshale ukianza kupanda kuliko kawaida yake, punguza mafuta na uwashe hita ya ndani hadi mwisho, madirisha yakiwa wazi. Mtaloa jasho, lakini hita ni rejeta ya pili.

Mshale ukiendelea kupanda, tafuta mahali salama pa kuegesha, si kwenye kona, na uweke vibao vya tahadhari. Kama hakuna mvuke, maji hayajamwagika na geji haijafika kwenye nyekundu, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta, ili maji na feni viendelee kupoza. Ukiona mvuke, maji yanamwagika au mshale umefika nyekundu, zima mara moja.

Kisha subiri. Usiguse mfuniko wa rejeta kwa angalau nusu saa. Maji yaliyobanwa ndani yakifunguliwa yanaruka yakiwa mvuke. Gusa bomba la juu la rejeta kwanza. Likiwa bado gumu au la moto, bado. Likipoa, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, legeza taratibu, geuza uso pembeni. Wala usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, maana chuma kinaweza kupasuka.

Ukishafika juu

Hapa ndipo turbo nyingi zinapouawa bila kelele. Dereva amepanda mlima mzima, anafika Ilula, anazima ghafla na kwenda kunywa chai. Oili imesimama ndani ya turbo yenye moto mkali. Inaungua na kuwa masizi magumu, na siku hadi siku njia ya oili inaziba. Baada ya mlima mkali, endesha taratibu kilomita ya mwisho, kisha acha injini iungurume dakika 1 au 2 ndipo uzime.

Dalili za kumwona fundi

Nenda gereji mapema ukiona maji yanapungua bila kuvuja, moshi mweupe mzito hata injini ikiwa imepata moto, oili yenye rangi ya maziwa, au mabomba ya rejeta magumu asubuhi kabla hujawasha. Hizo huwa ni dalili za gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe kupasuka. Mwambie fundi apime mgandamizo wa rejeta na mfuniko kabla hujanunua kifaa chochote.

Na kama mzigo ni mwingi na jua ni kali, kuna dawa isiyohitaji fundi: panda Kitonga alfajiri. Hewa ya saa 11 ni ya baridi, na ni bure.