DAWA YA KUKAMATA HEWA YA MOSHI



Wenzetu wa makazi ya Nakivale waliotoka upande wa Goma wanayajua mazuku: hewa nzito isiyoonekana, inayokaa mabondeni karibu na volkano na kuua mbuzi na watu. Hiyo ni hewa ya ukaa. Ndiyo inayotoa povu katika soda. Ndiyo inayotoka kwenye matangi ya kuchachushia bia, na Mbarara tunacho kiwanda cha bia tangu 2013. Ndiyo pia inayotoka katika bomba la moshi la mtambo wa umeme wa makaa au mafuta.

Umeme mwingi wa Uganda unatokana na maji ya mto Nile, kwa hiyo kazi ya kuikamata hewa hiyo katika moshi wa umeme iko mbali nasi. Kanada wameianza katika mtambo wa makaa wa Boundary Dam mwaka 2014. Lakini dawa za namna hiyo hutumika pia katika viwanda vya soda vya nchi mbalimbali, vinavyochoma mafuta ili kupata gesi. Kibarua hubebeshwa mapipa asijue kilichomo. Basi tueleze.

Moshi hupozwa, ukapandishwa ndani ya mnara, na dawa yenye maji hunyunyizwa kutoka juu. Dawa huishika hewa ya ukaa. Ikishashiba hupelekwa mnara wa pili, ikachemshwa kwa mvuke kufikia digrii 120 hivi, ikaiachia hewa, kisha hurudi kazini.

Dawa ya zamani ni monoetanolamini. Hushika upesi, ila kuiachisha kunakula mvuke mwingi, nayo inakula chuma; kwa hiyo huwekwa sehemu 30 hivi katika 100, nyingine maji. Iko metildietanolamini, inayoachia kwa urahisi lakini ni mvivu wa kushika. Wataalamu wakaona wazichanganye, au waitie ile mvivu piperazini kidogo kuichapusha. Mvuke hupungua.

Kwa mwenye kiwanda hiyo ni hesabu ya mafuta. Kwetu sisi ni ngozi, macho na kifua. Jamii hii ya dawa inaitwa amini, lakini si ya kuaminiwa mkononi: huunguza. Piperazini inaweza kuleta pumu. Dawa zikichakaa huweza kutoa nitrosamini, na baadhi ya hizo zinashukiwa kuleta saratani. Mchanganyiko una hatari za kila kilichomo, kwa hiyo mwakilishi wenu adai karatasi ya maelezo ya kila dawa, siyo moja tu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo. Mkimbizi anayefanya kibarua mjini naye ni mfanyakazi. Glovu ziwe za mpira unaostahimili dawa hiyo, si za kitambaa, na miwani ifunike macho pande zote. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, halafu hospitali.

Na mwenzako akianguka ndani ya tangi, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Piga kelele, ita waliofundishwa. Mazuku ya kiwandani huua hata mwokoaji.