MAVUNO BILA SHAMBA
Umuganura katika nyumba za Gikondo

Ifikapo Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti, ofisi za serikali nchini Rwanda hufungwa, na katika nyumba nyingi za Gikondo, mtaa wa jiji la Kigali ulio katika Wilaya ya Kicukiro, mwiko hupata kazi isiyo ya kila siku. Unga unaosongwa siku hiyo si wa mahindi wala wa muhogo mtupu, bali ni wa mtama mwekundu. Mama husonga, bibi husimamia, na watoto husubiri maziwa. Hiyo ndiyo siku ya Umuganura, sikukuu ya malimbuko, ambayo jina lake latokana na neno la Kinyarwanda lenye maana ya kuonja kwa mara ya kwanza mazao mapya.

Lakini Gikondo si shamba. Kwa miaka mingi bonde lake lilijaa viwanda na maghala, hata serikali ikaamua kuvihamishia viwanda Masoro ili kuiokoa ardhi oevu. Watu wengi wa Gikondo ni mafundi, madereva, wauza duka, makarani na askari. Wengi wao hawana hata kipande cha ardhi cha kupanda kunde. Basi mtu asiyelima analimbuka nini? Swali hilo si dogo, na jibu lake ndilo linaloipa sikukuu hii uzito wake mjini.

ASILI YA SIKUKUU

Katika ufalme wa zamani wa Rwanda, Umuganura ulikuwa miongoni mwa ibada kuu za dola. Mazao yake makuu yalikuwa mtama na ulezi. Shamba la mfalme lilikuwa Huro, katika nchi ya kale ya Bumbogo, ambayo leo imo katika Wilaya ya Gakenke. Wenye dhamana ya ibada hiyo walikuwa wazee wa ukoo wa Abatsobe. Mazao mapya yalipelekwa kwa mfalme, naye akaonja kwanza. Baada ya hapo ndipo kila baba na kila mama alipoonja nyumbani kwake. Masimulizi yanaeleza kwamba sikukuu hii ilikatika nchi ilipovamiwa, na kwamba Mfalme Ruganzu wa Pili Ndoli ndiye aliyeirudisha pamoja na uhuru wa nchi. Hivyo tangu kale Umuganura ulikuwa ishara ya nchi iliyo hai.

Wakoloni waliitambua nguvu hiyo. Mwaka 1925 utawala wa Kibelgiji ulimwondoa Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, ukampeleka uhamishoni Burundi, na sherehe ya mfalme ikakoma. Miaka sita baadaye, mwaka 1931, Mfalme Yuhi wa Tano Musinga mwenyewe aliondolewa katika kiti. Hata hivyo, yaliyozimwa ikulu hayakuzimika vijijini. Watoto waliokwisha kuoa na kuolewa waliendelea kuwapelekea wazazi wao kapu la unga mpya au mtungi wa pombe ya mtama. Mwaka 2011 sikukuu hiyo ilirejeshwa rasmi kitaifa, na leo huadhimishwa tangu ngazi ya taifa hadi ya kijiji.

Wanyarwanda hawako peke yao katika jambo hili. Jirani zao wa Burundi walikuwa na Umuganuro wao, na Waswazi wana Incwala. Hata huko Tibet, mbali na kwetu, wakulima huandamana kuyazunguka mashamba yao kabla ya kuvuna shayiri. Mahali pengi binadamu ameona kuwa si vyema kula mavuno mapya kimya kimya.

JIKONI

Yampasa mama wa mjini ajiandae mapema, kwani mtama hauko tele kama zamani. Tangu mwaka 2007, serikali ilipoanza mpango wa kuongeza mazao, mkazo uliwekwa katika mahindi, ngano, mpunga, viazi, maharage na muhogo. Mtama na ulezi vikabaki nyuma. Kwa hiyo wako watoto wa Kigali ambao huuona ugali wa mtama mara moja tu kwa mwaka, nao huukunjia uso kwa sababu ya rangi yake.

Mpishi mzoefu hupepeta nafaka kwenye ungo, huondoa mawe, kisha huipeleka mashineni. Maji yakichemka hasa, hutia unga kidogo kidogo huku akisonga kwa nguvu hadi harufu ya ubichi iishe. Wengine huchanganya na unga wa muhogo ili ugali ushikane. Pembeni huwekwa maharage, kisamvu, au mboga ya mgagani, ambayo Wanyarwanda huiita isogi. Kwa kinywaji, wakubwa hupata pombe ya mtama iitwayo ikigage. Kimea chake hutokana na mtama uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa juani na kusagwa. Watoto hupewa maziwa, na ikiwezekana hutiwa katika inkongoro, chombo cha mti cha asili.

Kabla ya kula, mkubwa wa nyumba huonja, kisha huwalisha wadogo. Hapo ndipo jibu la swali letu huanza kuonekana, kwani katika nyumba za mjini kila mmoja huulizwa mwaka wake umezaa nini. Fundi hutaja kazi alizomaliza. Mama hutaja akiba yake katika kikundi cha wanawake. Mwanafunzi huonyesha ripoti ya shule. Na katika nyumba ya askari aliye kazini Jamhuri ya Afrika ya Kati au Sudani Kusini, ambako Rwanda imepeleka walinzi wa amani, mke hutaja zamu aliyoishika peke yake: karo, homa za watoto, na paa lililovuja wakati wa masika. Hayo nayo ni mavuno, na ni haki yatajwe mbele ya watoto, ili wajue kuwa mkate wa nyumba una jasho la watu wawili.

ASIYEVUNA

Hata hivyo, kiini cha Umuganura hakimo katika kutaja alichopata mtu. Kimo katika desturi ya kumlimbusha yule ambaye shamba lake limemtupa. Zamani aliyevuna vizuri alimpimia jirani aliyekosa, akampa chakula cha kula na mbegu ya kupanda, kwani baada ya kiangazi cha Agosti mvua za Septemba hazikawii. Aliyepewa hakuhesabiwa kuwa ombaomba. Alipokea fungu lake, naye mwaka mwingine angeweza kuwa mtoaji.

Mjini desturi hiyo ina majaribu yake. Majirani wakichanga fedha za karamu, kuna hatari kwamba mchango utageuka kuwa tiketi ya kuingilia. Aliyepoteza kazi hujifungia ndani siku hiyo, akawaambia wanawe kwamba kichwa kinamuuma. Penye hali hiyo, hata ugali uwe mwekundu namna gani, Umuganura haupo. Majirani wenye busara humfuata mtu wa namna hiyo siku kadhaa kabla, bila kelele, wakamwomba alete nguvu zake: apasue kuni, apange viti, achote maji. Naye hukaa mezani kama mwenye nyumba. Wengine humlipia jirani bima ya afya ya jamii, ambayo mwaka wake huanza mwezi wa Julai, au humpa mtaji mdogo wa biashara. Hiyo ndiyo mbegu ya mjini.

Tena Gikondo ina jeraha la pekee. Tarehe 9 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia katika kanisa la parokia ya Wapalotini waliuawa humo humo. Nchini kote wako wazee walionusurika na kubaki bila mtoto hata mmoja. Mzee wa namna hiyo anaweza kuwa na chakula cha kutosha. Anachokosa ni mtoto wa kubisha hodi, akiwa na kapu la unga mikononi, na kusema, “Nimekuja kuwalimbusha.” Mtoto wa jirani akilichukua kapu hilo na kulifikisha, amefanya jambo ambalo hotuba haiwezi kulifanya.

Mwezi huo huo wa Agosti, kwa miaka mingi, uwanja wa maonyesho wa Gikondo umepokea maonyesho makubwa ya biashara, na watu wamemiminika kutazama bidhaa za nchi nyingi. Ni vizuri kutazama na kununua. Lakini mzazi anayerudi kutoka huko na mfuko uliojaa angefanya vyema kupitia mlango wa jirani kabla ya kufika kwake. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Na mila hii haidai ng'ombe wala ekari. Yadai bakuli moja la unga, na mtoto wa kulipeleka nyumba ambayo mwaka huu haikuvuna.