Maradhi ya Mtetemeko (III): Wanja na Pombe ya Mti

Wasomaji waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanamkumbuka tabibu James Parkinson wa London na risala yake ya mwaka 1817 juu ya maradhi haya. Na lau si vifo vya wanywaji wa pombe yenye sumu kijijini Kangai, Kirinyaga, mnamo Februari 2024, leo ningaliendelea na habari zake; badala yake tuitazame sumu ya pombe, tukianza na jina lake.

Neno alkoholi asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, unga ule laini ambao wanawake wa pwani yetu hujipaka machoni hata leo. Nalo lilipofika Ulaya likawa jina la kila kilichosafishwa mno, hata katika karne ya 16 Paracelsus akaiita roho ya mvinyo kwa jina hilo. Mwaka 1661 Robert Boyle alichoma mti chomboni, akakinga mvuke wake, akapata pombe ya mti, ndiyo methanoli, ambayo baadaye Wafaransa Dumas na Péligot waliipambanua na kuitungia jina kwa maneno ya Kiyunani ya mvinyo na mti. Ajabu iliyoje, jina lililotoka katika pambo la macho kupewa kimiminika kinachopofusha!

Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, nayo huzizuia seli zisitumie hewa tuvutayo. Mshipa wa jicho huumia. Na ndani kabisa ya ubongo, pande zote mbili, hufa sehemu iitwayo putameni, inayopokea kemikali ya dopamini kutoka sehemu ile nyeusi ya ubongo iitengenezayo, tuliyoieleza katika makala iliyopita. Ndiyo maana aliyenusurika huweza kukakamaa uso, akaburura nyayo, na kifungo kimoja cha shati kikamshinda hata chai ikapoa. Mgonjwa wa Parkinson hupungukiwa dopamini, na levodopa humfaa. Huyu wa methanoli amepotewa na mahali penyewe pa kuipokea, hivyo mara nyingi dawa hiyo haimfai sana.

Nairobi, Novemba 2000, pombe haramu iitwayo kumikumi iliua watu zaidi ya 130, na wengine ikawapofusha. Anayeitia chang'aa methanoli ya viwandani ili aizidishe makali, kwa tamaa ya faida, huyo kwangu ni muuaji.

Dalili hukawia saa 12 hadi 24, na zaidi ikiwa sumu imechanganyika na pombe ya kawaida. Basi, ndugu msomaji, mnywaji akilalamika kwamba anaona ukungu, msimwache alale eti ulevi umtoke: mpelekeni hospitali usiku huo huo, azuiliwe sumu kwa fomepizoli au ethanoli, na damu yake isafishwe kwa mashine.