Bakshishi, ya soda, asante na hongo: maneno ya kumpa dereva zaidi ya nauli

bakshishi nm [i-/zi-] fedha kidogo anayopewa mtoa huduma juu ya malipo yake ya kawaida, kwa hiari ya mtoaji na baada ya kazi kukamilika. Pia: *bahashishi*.

Fasili hii ni fupi na haina kosa. Hata hivyo, mkazi wa Kasulu au Kibondo anaweza kupanda bodaboda mwaka mzima asisikie neno lenyewe likitamkwa hata mara moja. Abiria anayeshuka stendi au mbele ya hospitali hasemi, "Pokea bakshishi." Husema, "Hiyo inayobaki ya soda," au "Chenji ubaki nayo," au hasemi neno, bali hugeuka na kwenda zake kabla dereva hajamaliza kupekua mfuko wa koti. Jambo analolifanya ndilo hilo linalofasiliwa na kamusi. Jina lake tu ndilo linalokosekana. Mwanafunzi anayejifunza neno *bakshishi* darasani kisha akalipeleka kijiweni atafahamika, ila ataonekana mtu wa hoteli za watalii, kwa kuwa huko, hasa Arusha na Zanzibar, ndiko neno hili linakoishi kwa raha zaidi.

Asili yake ni Kiajemi, kutoka kitenzi *bakhshidan*, chenye maana ya kutoa na pia kusamehe. Lilienea katika Kituruki na Kiarabu, na kwa njia ya pwani likaingia Kiswahili. Neno *nauli* nalo limekuja kwa Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kigiriki: lilikuwa jina la ada ya kusafiri kwa chombo cha majini. Leo linatumika bila kigugumizi katika vilima vya Buha, mahali ambapo chombo ni pikipiki na bahari haionekani. Tofauti ya hatima za maneno haya mawili si ya bahati. Nauli hutajwa wazi, hupatanwa kwa sauti, hubishaniwa. Kinachozidi nauli hutajwa kwa kuzungukwa.

Njia ya kuzunguka iliyo maarufu kuliko zote ni kirai kinachoanza na kihusishi cha umilikishi: *ya soda, ya maji, ya chai, ya vocha*. Nomino kuu imedondoshwa, nayo ni *hela* au *pesa*. Kisarufi, nomino hizi zimo katika ngeli ya I-/ZI-, na mwalimu anayependa wingi atauliza kwa nini watu hawasemi *za soda*. Wapo wanaosema hivyo. Lakini mzungumzaji anayesema *hela ya soda* anaiona fedha ile kuwa kiasi kimoja kilichotengewa kazi moja, hata ikiwa ni sarafu tatu mkononi. Umoja huo una kazi ya adabu pia: *ya soda* ni ndogo, imekwisha kusudiwa, na haimfanyi mpokeaji aonekane mhitaji. Hakuna anayefuatilia kama soda ilinunuliwa. Dereva aliyepewa *ya soda* anaweza kuijumlisha katika *hesabu*, yaani kile kiasi anachotakiwa kumfikishia mwenye pikipiki, wala hatakuwa amemdanganya mtu.

Kuipa zawadi ya dereva jina la kinywaji si jambo la Kiswahili pekee. Kifaransa kina *pourboire*, maana yake ya neno kwa neno ikiwa "ya kunywea". Kijerumani kina *Trinkgeld*, "fedha ya kinywaji". Mfano ulio karibu zaidi na Kasulu umekuja na Wakongo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, wengi wao wakiwa watu wa Kivu Kusini, nao wamekuja na Kiswahili chao. Katika Kiswahili hicho, na katika lugha nyingine za Kongo, fedha ya ziada huitwa *matabishi*. Neno limetoka Kireno *matabicho*, lililoundwa kwa maneno yenye maana ya "ua mdudu": kinywaji kinachonywewa asubuhi ili kumnyamazisha mdudu anayesumbua tumboni. Nchini Angola na Msumbiji neno hilohilo limekuwa jina la kifungua kinywa. Kongo limekuwa jina la kile anachopewa mchukuzi, mhudumu, na mara nyingi karani.

Hapo kwa karani ndipo mambo yanapokuwa mazito. *Matabishi* haliweki mpaka kati ya shukrani na rushwa. Mkongo anaweza kulitumia kwa fedha aliyomwachia dereva kwa moyo mweupe, na analitumia pia kwa fedha aliyodaiwa ili faili lake lisogee. Mfasiri aliyekaa kati ya mlalamikaji na afisa hawezi kukwepa kuchagua. Akisema *bakshishi*, lalamiko limekufa. Akisema *hongo*, mtu anaweza kupoteza kazi, na chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anaweza kupoteza zaidi ya hiyo.

Katika hali kama hii nomino haimsaidii mfasiri. Kinachomsaidia ni sentensi nzima. Tuchukue mifano miwili:

*Alitaka matabishi ndipo anipakie.*
*Aliponifikisha alitaka matabishi.*

Katika sentensi ya kwanza, *ndipo* imeifanya fedha kuwa sharti la huduma: bila fedha, hakuna kupakiwa. Katika ya pili huduma imekwisha kutolewa, na lililobaki ni ombi, pengine la kuudhi, lakini ombi tu. Mfasiri mwangalifu atalifikisha *ndipo* hata ikiwa hana hakika na nomino, kwa sababu hicho ndicho kiungo kilichobeba tuhuma. Pale anapoona neno halina sawa lake, ni heri aliache *matabishi* kama lilivyo na aeleze kwamba mzungumzaji hulitumia kwa maana zote mbili. Kufanya hivyo si udhaifu wa tafsiri. Kumchagulia shahidi maana ambayo hakuisema ni kosa kubwa zaidi.

*Hongo* lenyewe lina historia katika nchi hii ya Waha. Katika karne ya 19, hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ililipa kwa watawala ili ipite katika ardhi zao. Ilitozwa hadharani, kwa nguo na shanga, na mtawala aliyeitoza hakuona aibu kuliko anavyoona leo karani wa kizuizi cha mazao. Henry Morton Stanley alipopita Uha Novemba 1871 akielekea Ujiji alikomtafuta Livingstone, alitozwa hongo mara kwa mara, akalalamika sana katika kitabu chake, na mwishowe akauongoza msafara wake usiku, kimyakimya, ili kuwakwepa waliokuwa wakingoja kumtoza tena. Kwa Stanley hongo ilikuwa unyang'anyi. Kwa waliotoza, aliyetoroka usiku ndiye aliyekuwa mwizi wa njia. Kamusi huzitaja maana zote mbili, ya ushuru wa misafara na ya rushwa, lakini mzungumzaji wa leo anaijua ya pili peke yake. Kitenzi *honga* kimeongeza nyingine: kumpa mtu fedha kwa nia ya mapenzi. Mwanafunzi atakayeandika *nilimhonga dereva* akikusudia kwamba alimwachia mia tano, amejishtaki mwenyewe kwa makosa mawili asiyoyatenda.

Vitenzi, kwa kweli, ndivyo pengo la msamiati huu. *Kutuza* kipo, nacho ni kizuri, lakini hutumiwa kwa mwimbaji wa taarabu anayepachikwa noti akiwa jukwaani, au kwa mshindi anayekabidhiwa *tuzo*. Kumtuza mwenye bodaboda kwa kukupeleka sokoni ni kumkweza kwa neno kubwa kuliko safari yenyewe. *Kumpa bakshishi* ni sahihi na kinafaa katika maandishi. Katika mazungumzo, kitenzi kinachobeba kazi yote ni *kuachia*. Kauli ya kutendea ndiyo inayoleta hiari: *nimemwachia mia tano* maana yake fedha ilikuwa yangu, nami nikaamua iwe yake. Linganisha na *amekaa na mia tano yangu*. Fedha ni ileile, imebaki mfuko uleule, ila sasa imechukuliwa.

Tofauti hiyo haifahamiki vizuri kuliko pale dereva anaposema, "Sina chenji." Safari imekubaliwa kwa elfu moja na mia tano, abiria ametoa noti ya elfu mbili, na *jero*, yaani mia tano, imening'inia kati yao. Mara nyingi dereva anasema kweli. Lakini *sina chenji* inayosemwa bila mkono kuingia mfukoni ni ombi lililovaa nguo za taarifa, na abiria hujua. Bakshishi iliyopatikana kwa njia hii haistahili jina hilo, na kamusi zinazosahau kutaja hiari katika fasili zake zinamwonea abiria.

Namna ya kutamka nayo ina uzito. *Baki nayo* ni amri. Mkubwa akimwambia kijana haina ubaya, lakini kwa dereva aliyelingana na abiria kwa umri, na zaidi kwa dereva mtu mzima, dhamira tegemezi ndiyo inayofaa: *ubaki nayo, mzee*. *Hiyo ikusaidie maji, kaka*. Tamko *chukua* pekee, likisemwa huku uso umegeuzwa upande, limeharibu zawadi nyingi. Mtoaji wa adabu huidogosha fedha yake kwa kusema *si nyingi* au *ya maji tu*, na hutanguliza kazi: *pole na kazi*. Dereva kwa upande wake akitaka kukumbusha hasemi *nipe*. Husema, "Mama, hata ya maji?" au "Usitusahau, mwalimu." Ule wingi wa *usitusahau*, kama mtu angetaka kuuchambua, unakifanya kijiwe chote kuwa mwombaji, na hivyo hakuna mmoja anayeaibika akinyimwa.

Simu imeleta kirai kipya, nacho kinawachanganya wageni. Abiria anayelipa kwa M-Pesa au Airtel Money huambiwa, "Weka na ya kutolea." Umbo lake ni lile la *ya soda*, na mfasiri anaweza kudhani ni bakshishi nyingine. Sivyo. *Ya kutolea* ni gharama ambayo dereva atakatwa anapoitoa fedha kwa wakala. Bila hiyo, nauli ya elfu tatu haifiki elfu tatu mkononi mwake. Tangu tozo ya miamala ya simu ilipoanzishwa Julai 2021, hata baada ya kupunguzwa, watu wengi wamezoea kuihesabu kabla ya kukubaliana bei. Anayeongeza ya kutolea amekamilisha nauli, hajatoa zawadi. Vivyo hivyo kwa mzigo unaopokewa stendi na kuletwa nyumbani: *ya kupakulia*, kama ilitajwa mwanzoni, ni ujira. Ikitajwa mlangoni, mzigo ukiwa bado umefungwa kwenye pikipiki, ni jambo jingine.

Maneno mengine yanahitaji onyo fupi tu. *Takrima* kwa asili ni ukarimu wa kumheshimu mgeni, lakini nchini Tanzania liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili kuhalalisha vya wagombea kwa wapigakura, na Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Tangu hapo halitumiki bila kukonyezana. *Kiinua mgongo* ni malipo ya mtumishi anapostaafu au kumaliza mkataba, na huangukiwa na wafasiri kwa sababu Kiingereza kina neno moja, "gratuity", kwa hiyo na kwa sarafu ya mhudumu. *Nyongeza* huenda kinyume: ni konzi ya maharage ambayo muuzaji sokoni Kasulu humwongezea mnunuzi. *Chai* lilikuwa safi kama soda, sasa limechafuka. Dereva bado anaweza kupewa *ya chai*, lakini katika maandishi rasmi msomaji ataona askari kabla ya kuona kikombe.

Limebaki *asante*, ambalo siku hizi ni nomino pia: *nipe asante yangu*, *nimempa asante kidogo*. Asili yake ni Kiarabu *ahsanta*, "umetenda vyema", tamko la kusifu kazi. Wakongo hulitamka *aksanti*. Barabarani kuelekea Nduta, wilayani Kibondo, ambako kambi ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, dereva husikia *urakoze*, na mizizi yake ni kitenzi *gukora*, kufanya kazi. Lugha mbili zisizo na undugu zimeshukuru kwa njia moja, kwa kuitaja kazi iliyofanywa. Mfasiri asiifasiri *urakoze* kuwa "umefanya kazi", kama ambavyo hafasiri *asante* kuwa "umetenda vyema". Lakini dereva wa Kiha, ambaye lugha yake na Kirundi ni jirani wa karibu mno, huyasikia yote mawili bila kufasiriwa, na anapoambiwa *urakoze* bila sarafu yoyote hujibu vilevile, huku akiwasha pikipiki.