Mfupa Unapokataa Kuunga

Katika rasi ya Afungi, wilayani Palma, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, mvuvi, fundi wa mitambo ya gesi na askari huishi jirani. Tangu Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, askari wa Msumbiji wamepigana huko pamoja na wenzao wa Rwanda, na kati ya mwaka 2021 na 2024 kikosi cha SADC, Tanzania ikiwamo, nacho kilikuwa mkoani humo. Katika mazingira hayo, risasi au gari lililopinduka laweza kuvunja muundi wa mtu yeyote.

Muundi huchukua miezi minne hadi sita kuunga. Ikipita miezi tisa, na picha za eksirei za miezi mitatu ya mwisho zisionyeshe maendeleo, madaktari husema mfupa umekataa kuunga. Sababu ni nyingi: upungufu wa damu mahali palipovunjika, usaha, mifupa kuachana au kuchezacheza, kisukari, na uvutaji wa sigara. Muundi huathirika zaidi kwa kuwa mbele yake hauna nyama ya kutosha.

Watu wengi siku hizi husikia habari za mashine zinazotibu kwa mawimbi. Ziko za aina mbili. Ya kwanza hutoa mawimbi hafifu ya sauti yasiyosikika. Mgonjwa huiweka juu ya ngozi kwa dakika 20 kila siku, kwa miezi kadhaa. Ya pili hutoa mawimbi ya mshindo, ndugu wa yale yaliyoanza kuvunja mawe ya figo huko München, Ujerumani, mwaka 1980. Mwaka 1991 madaktari wa Bulgaria walieleza jinsi walivyoyatumia kwenye mifupa iliyokawia kuunga. Mshindo huo hudhaniwa kuamsha mishipa midogo ya damu na chembe zinazojenga mfupa.

Je, yanafaa? Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 501 wa Kanada na Marekani, waliovunjika muundi na kutiwa chuma. Mawimbi hafifu hayakuharakisha kupona kwao. Kwa mfupa uliokwisha kukataa kuunga, mawimbi ya mshindo yameleta matumaini, lakini ushahidi bado haujatosha. Tena hayafai penye usaha, wala pale ambapo mifupa imeachana sana au haijashikwa imara.

Kwa hiyo upasuaji ndio tegemeo kuu: kusafisha, kutia chuma, na pengine kupandikiza mfupa kutoka nyongani. Lewis Zirkle, aliyekuwa daktari wa jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 ili kuzipatia hospitali za nchi maskini chuma kinachoweza kufungwa bila mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji. Chuma hicho kimetumika hata Muhimbili, Dar es Salaam.

Familia nayo ina kazi yake. Isiuze shamba kununulia mashine kabla daktari hajatazama picha mpya na kupima kama kuna usaha. Imsaidie mgonjwa kuacha sigara, impe dagaa, maharage na maziwa, wala isiruhusu mguu uliovunjika ukandwe kwa nguvu. Maumivu yasiyokwisha baada ya miezi sita si ya kuvumiliwa kimyakimya. Ni ya kurudishwa hospitali.