Tarehe Mosi Julai Dukani

Kila mwaka, katikati ya Juni, Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma na kusoma bajeti. Kabla mwezi haujaisha, Sheria ya Fedha huwa imepitishwa, na sehemu kubwa ya mabadiliko yake huanza kutumika tarehe 1 Julai. Mwenye duka aliyefunga hesabu jioni ya tarehe 30 Juni kwa sheria moja, asubuhi hufungua kwa sheria nyingine. Benki na kampuni kubwa zina wahasibu walioisoma tangu ikiwa muswada. Muuza vyombo wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Kariakoo, Dar es Salaam, huisikia redioni nusu nusu, kisha huijua vizuri siku afisa anapoingia dukani na kuomba karatasi ambayo mwezi uliopita hakuna aliyeiulizia.

Nyingi za sheria hizi, ukizisoma mezani, zina mantiki, na baadhi zina huruma. Taabu huanza zinapotoka mezani na kumkuta mtu ambaye hakufikiriwa wakati wa kuziandika. Nachukua tatu tu: risiti, pango na mfanyakazi wa kumi.

Tuanze na risiti. Mashine ya risiti za kielektroniki, EFD, ililetwa mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na mwaka 2013 ikasogezwa kwa wasiosajiliwa. Wazo lilikuwa safi: kila mauzo yaache alama, ili afisa asikisie na mfanyabiashara asikadiriwe kwa ukubwa wa fremu yake au unene wa tumbo lake. Ila mashine ilinunuliwa na mfanyabiashara mwenyewe, kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Serikali ilieleza kwamba gharama ingefidiwa kwa kupunguzwa kwenye kodi, lakini fedha taslimu ilitakiwa kwanza. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye rafu, fidia ya baadaye haimsaidii leo. Ndiyo maana migomo ya maduka ilitangulia mazoea ya mashine.

Leo mashine zimeenea, na mnunuzi anajua kudai risiti. Lakini msururu wa risiti una shimo juu, si chini. Mwenye duka la rejareja akienda kuchukua mzigo kwa wa jumla, huweza kukutana na swali linalojulikana: na risiti au bila risiti? Bei mbili. Au hupewa risiti yenye kiasi pungufu ya alicholipa. Akikubali, amenunua kwa nafuu ila amejichimbia kaburi: njiani mzigo unaweza kuzuiwa kwa kukosa risiti halali, na mwisho wa mwaka manunuzi yake yanaonekana madogo, mauzo makubwa, na faida ambayo hajawahi kuishika mkononi inatozwa kodi. Akikataa, jirani yake aliyekubali atauza bei ya chini kuliko yeye. Sheria inawabana wote wawili, wa jumla na wa rejareja. Lakini wa rejareja ndiye aliye karibu na barabara, mlango wazi, bidhaa zimeanikwa. Kumkagua yeye ni rahisi.

Ukaguzi huo ndio wafanyabiashara waliouita kamatakamata. Mei 2023 Kariakoo, soko linalouza hadi Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, lilifunga milango. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza wafanyabiashara viwanja vya Mnazi Mmoja. Walizungumzia namna maafisa wanavyowavizia wateja na mizigo, usajili wa stoo, na wingi wa tozo. Maduka yakafunguliwa. Juni 2024 yakafungwa tena, na safari hii mgomo ukagusa na miji mingine. Malalamiko yaliyorudi baada ya mwaka mmoja yanaonyesha kwamba agizo la mkutanoni, hata likitolewa na kiongozi mkubwa kiasi gani, haliishi muda mrefu likiwa halijaandikwa katika kanuni anazozifuata afisa wa dirishani.

La pili ni pango. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa niaba ya mwenye nyumba. Hii huitwa kodi ya zuio, na kisheria ni kodi ya mwenye nyumba, kwa kuwa kipato ni chake. Mpangaji ni mkusanyaji tu. Tuseme fremu ni shilingi 500,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele: milioni 3. Kwa mujibu wa sheria, mwenye nyumba apokee 2,700,000 na 300,000 ziende serikalini. Sasa mwambie hivyo mwenye jengo la Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambaye nyuma ya mlango wake wapo watu kadhaa wanaosubiri fremu hiyohiyo. Atakujibu kwamba anataka milioni 3 yake kamili, mambo ya TRA ni yako. Mpangaji anayetaka kubaki na fremu na pia kubaki salama hulipa 3,300,000. Aliyeandika sheria alidhani mpangaji ana nguvu ya kumkata mwenye nyumba. Mtaani nguvu iko kwa mwenye funguo.

La tatu linawahusu waajiri, na hapa lazima tutoe sifa kwanza. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo waajiri huiita SDL, ilikuwa asilimia 6 ya jumla ya mishahara. Ikashuka hadi 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, baadaye 4, na 3.5 mwaka 2023. Mwaka 2021 idadi ya wafanyakazi inayomwingiza mwajiri katika tozo hiyo iliongezwa kutoka 4 hadi 10. Mwenye karakana ya watu sita alipumua. Kiwango cha chini cha mshahara unaokatwa kodi nacho kilikuwa kimepanda mwaka 2020 kutoka 170,000 hadi 270,000, hivyo anayelipwa 300,000, akishakatwa 30,000 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hadaiwi kodi ya mshahara hata senti.

Lakini tazama kizingiti chenyewe. Mwenye watu tisa wanaolipwa 300,000 kila mmoja halipi SDL kabisa. Akimwajiri wa kumi, tozo hailengi mshahara wa huyo mmoja. Inaangukia mishahara yote, milioni 3. Kwa asilimia 3.5 ni 105,000 kila mwezi, yaani 1,260,000 kwa mwaka, zaidi ya mishahara minne ya mfanyakazi huyo mpya. Weka juu yake mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, na wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mwajiri mwenye akili timamu anaipiga hesabu hiyo kwa vidole, kisha kijana wa kumi anabaki msaidizi asiye na mkataba, au hapati kazi kabisa. Tozo iliyokusudiwa kuwapatia vijana ufundi inamzuia kijana mlangoni.

Nje ya hizo tatu, ipo hatua moja iliyofika chini haraka. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kilieleweka siku hiyohiyo: bei moja, karatasi moja, ukionyesha unaachwa. Muuza karanga hakuhitaji mhasibu wa kumfafanulia. Hata hivyo mikoa ilipewa idadi ya kugawa, na kitu chenye idadi ya kufikiwa huanza kufanana na mchango wa lazima. Tena kitambulisho hakikuwa kiwanja. Wamachinga walipoondolewa barabarani mwaka 2021, hakikuwapa mahali pa kupanga bidhaa. Urahisi wake ungefaa kuigwa. Haraka yake haifai.

Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kutathmini mfumo wa kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue. Rai zangu kwa watunga sera ni chache na hazihitaji fedha nyingi. SDL itozwe kwa mshahara wa mfanyakazi wa kumi na wanaofuata, isirudi nyuma kuwafuata tisa wa kwanza. Kodi ya zuio ya pango idaiwe kwa mwenye jengo, ambaye jina lake na kiwanja chake serikali inavijua. Ukaguzi wa risiti uanzie kwenye makontena na maghala ya jumla, kisha ndipo ushuke kwenye fremu. Na mabadiliko yanayomgusa mfanyabiashara mdogo yapewe angalau miezi sita kati ya kupitishwa na kuanza kutumika, ili elimu itangulie faini.

Kwa mwenye duka ninalo neno moja, kwa kuwa kusubiri bunge ni kusubiri Juni. Nunua daftari, andika mauzo ya kila siku, tunza risiti za manunuzi. Katika jedwali la kodi ya wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo ya milioni 10 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu, kwa mauzo yaleyale, hulipa 180,000.